Ada ya Mgeni kwa Mtoto wa Jirani

Tarehe 4 Machi 2024 Somalia iliwasilisha hati zake mjini Arusha na kuwa mwanachama wa nane wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa kijana aliyezaliwa Dadaab, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1991 wakati dola ya Somalia inaanguka, hilo lilipaswa kuwa tukio kubwa. Maisha yake yote ameyaishi Afrika Mashariki. Amesoma mtaala wa Kenya na kufanya mtihani wa Kenya wa kidato cha nne. Sasa hata nchi ya wazazi wake imo ndani ya Jumuiya. Lakini akiomba nafasi ya chuo kikuu, kwa kawaida fomu humweka safu moja na mwanafunzi aliyetoka Norway au Korea: mgeni.

Hayuko peke yake. Kongo ilijiunga mwaka 2022, Sudan Kusini mwaka 2016, Burundi mwaka 2007. Zunguka kambi na makazi ya wakimbizi ya ukanda huu uone wanaoishi humo. Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma wamehifadhiwa Wakongomani na Warundi. Kakuma kuna Wasudan Kusini kwa makumi elfu. Nakivale na Bidi Bidi nchini Uganda ni hao hao, Kongo na Sudan Kusini. Kiziba, kule Karongi nchini Rwanda, ni Wakongomani waliokimbia katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo mjadala wa mwanafunzi mkimbizi Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa sana, unamhusu raia wa nchi mwanachama aliyevuka mpaka mmoja wa Jumuiya kwenda mwingine, ila alivuka akikimbia.

Ninachodai katika makala haya ni kimoja. Mwanafunzi mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya alipe ada anayolipa mwenyeji na alindwe na chuo chake kama mwanafunzi mwingine yeyote, bila kulazimishwa kuacha hifadhi yake ili apate haki hiyo.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayotajwa kila ofisi ya udahili inapobanwa. Ibara ya 22 ya Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi inaigawa elimu mafungu mawili. Katika elimu ya msingi, mkimbizi anastahili kutendewa sawa na raia. Juu ya hapo, nchi inatakiwa kumpa masharti mazuri kadiri iwezekanavyo, na kwa vyovyote yasiwe mabaya kuliko ya wageni wengine, katika kupata masomo, kutambuliwa kwa vyeti, kusamehewa ada na kupewa ufadhili. Vyuo vyetu vingi vimeshika kile kiwango cha mwisho kabisa, cha mgeni wa kawaida, vikakifanya ndicho kanuni. Yale maneno ya mwanzo, masharti mazuri kadiri iwezekanavyo, hayaonekani popote kwenye jedwali la ada.

Mgeni wa kawaida alichagua kuja. Ana pasipoti, ana ubalozi wa kumtetea, ana wazazi wanaomtumia fedha kutoka kwao. Mkimbizi hana hata kimoja kati ya hivyo. Kwa miaka mingi, katika vyuo vya umma vya Tanzania, ada ya raia imekuwa ikiandikwa kwa shilingi na ya mgeni kwa dola. Mama anayelima bustani ya mchicha pembeni mwa hema lake Kigoma anaombwa ada ya mgeni ambayo mke wa karani wa Kasulu, jirani yake wa mkoa huo huo, haombwi.

Watasema kuna wafadhili. Ni kweli. Tangu mwaka 1992 Ujerumani imekuwa ikigharimia mpango uitwao DAFI, unaosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na umewasomesha maelfu ya vijana vyuoni katika nchi zilizowapa hifadhi. Lakini fikiria fedha hiyo inavyofanya kazi. Mfuko una kiasi chake. Chuo kikitoza ada ya mgeni, mfuko huo huo unasomesha vijana wachache zaidi. Tunapandisha bei, halafu tunalalamika kwamba ufadhili hautoshi. Na pale asipopatikana mfadhili, chuo hakipati hiyo dola wala shilingi. Kijana anabaki kambini tu. Sijaona bado hesabu ya bursa yeyote inayoonyesha chuo kilichotajirika kwa kumtoza mkimbizi ada ya mgeni.

Kwa dunia nzima, UNHCR ilikadiria mwaka 2016 kwamba ni asilimia 1 tu ya vijana wakimbizi waliokuwa vyuoni. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imepanda hadi asilimia 7, na lengo lililowekwa ni asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Kupanda huko kumeletwa na kazi ya watu waliokataa kuamini kwamba mkimbizi anastahili chakula na turubai tu. Na sasa misaada ya nchi tajiri imekatwa vibaya tangu mwaka 2025, Marekani ikiwa mstari wa mbele. Kinachobaki mikononi mwetu wenyewe ni kanuni zetu, na kanuni kubadilishwa hakungoji fedha za Washington.

Kenya imejaribu jambo ambalo linastahili kutazamwa kwa makini. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2021, kifungu cha 28, inasema mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya anaweza kwa hiari yake kuacha hadhi ya ukimbizi, ili afaidi haki zinazotokana na Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Naamini waliokitunga walikuwa na nia njema. Walitambua, kabla ya wengi wetu, kwamba mtu huyu ni Mwafrika Mashariki. Lakini tazama anachoombwa kutoa. Hadhi ya ukimbizi ndiyo inayomkinga asirudishwe kwa nguvu mahali alipokimbia. Akiiacha, atahitaji pasipoti ya nchi yake, na pasipoti hutolewa na serikali ile ile ambayo pengine ndiyo iliyomfanya akimbie. Msichana wa Juba ambaye baba yake aliuawa na askari wenye sare anaambiwa aende ubalozini akapige picha. Haki za Jumuiya zingepaswa kuongezwa juu ya hifadhi aliyo nayo. Kumtaka achague moja kati ya mbili ni kumwambia usalama wake una bei.

Ada ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni vyeti, na hapa Tanzania inabeba mzigo wake yenyewe. Kwa miaka mingi shule za Nyarugusu zimefundisha mitaala ya nchi walikotoka wanafunzi, wa Kongo kwa Wakongomani na wa Burundi kwa Warundi, kwa kuwa sera ilikuwa kuwaandaa kurudi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto wake, na wengine wamesoma madarasa yale yale. Kijana anamaliza sekondari akiwa na cheti cha Kifaransa, kile Wakongomani wanachokiita Diplôme d'État, kisha chuo kikuu kilicho karibu naye kinafundisha kwa Kiingereza na kinataka cheti chake kipimwe kwanza na Baraza la Mitihani kuona kinalingana na nini. Kupima huko kunahitaji malipo, nakala halisi, tafsiri, na mara nyingi safari. Safari nayo inahitaji kibali cha kutoka kambini. Dirisha la udahili linafungwa kwa tarehe, na kibali hakina tarehe.

Mbaya zaidi ni kwa yule ambaye vyeti vyake viliungua Goma au vilibaki kwenye droo nyumbani Rumonge. Chuo kinaweza kumpa mtihani wake chenyewe. Kinaweza kumpokea mwaka wa maandalizi, akajifunza Kiingereza na hisabati, kisha kikampima. Vyuo vyetu tayari vina utaratibu wa kuwapima watu wazima wasio na vyeti vya kawaida. Kuupanua kidogo umfikie mkimbizi hakuhitaji bunge.

Tunajua kabisa kwamba karatasi ndiyo inayowatofautisha, kwa sababu tumewahi kuibadilisha tukaona matokeo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania, watu wapatao 162,000, katika zoezi ambalo vyeti vyake vilianza kugawiwa mwaka 2014. Watoto wao leo ni Watanzania. Wanaomba mkopo Bodi ya Mikopo kama mtoto wa Tabora au wa Mtwara. Akili zao hazikubadilika usiku ule vyeti vilipogawiwa, na vyuo vilivyowapokea havikuanguka.

Kenya ina mfano unaouma kwa upande wa pili. Katika kaunti za kaskazini mashariki, miaka ya ukame na njaa, familia za Wasomali wa Kenya ziliwaandikisha watoto kambini ili wapate mgao wa chakula. Watoto hao walipofika umri wa kitambulisho, alama zao za vidole zilikutwa kwenye daftari la wakimbizi. Maelfu wakanyimwa kitambulisho cha nchi yao wenyewe, na bila kitambulisho hakuna mkopo wa elimu ya juu. Mtoto alipewa unga akiwa na miaka minne. Akiwa na miaka kumi na minane unga ule unamgharimu chuo kikuu.

Ulinzi ni neno ambalo vyuo hulisikia vikafikiria geti na walinzi wa usiku. Mwanafunzi mkimbizi anahitaji ulinzi wa namna nyingine. Ofisi ya usajili isimwambie alete barua kutoka ubalozi wake. Huenda karani anaona ni utaratibu wa kawaida, lakini kumpeleka mkimbizi ubalozini ni kuitangazia serikali aliyoikimbia mahali alipo, anasoma nini na analala bweni gani. Hadhi yake isibandikwe kwenye orodha za ubaoni. Likizo ndefu inapofika na mabweni kufungwa, wengine hurudi kwao. Yeye kurudi kambini kuna maana ya kuomba upya kibali cha kutoka muhula ujao, na kibali kikichelewa anakosa wiki za kwanza za masomo. Chuo kinaweza kumwachia chumba. Wakati wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, mwajiri humtaka kibali cha kazi ambacho sheria haimpi mwanafunzi mkimbizi kwa urahisi, hivyo wenzake wanakwenda benki na mahakamani, yeye anatafutiwa shule ya kambini. Wakihitimu, wengi huishia kule kule kambini, wakifundisha kwa posho ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwalimu mwenye shahada kama yake.

Kisha kuna polisi. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu wa Eastleigh jijini Nairobi walikamatwa na wengi wakashikiliwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo wakimbizi wenye karatasi halali. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hakuna aliyesoma habari ile asiyeumia hadi leo. Siku chache baadaye serikali iliipa UNHCR miezi mitatu kuiondoa Dadaab. Wakati huo huo ilikuwa imekwishajulikana kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kambi nzima iliwekwa kwenye lawama. Chuo alichosoma muuaji hakikuguswa, na ilikuwa sawa kutokuguswa, kwa sababu hatia ni ya mtu. Haki hiyo hiyo ilistahili kutolewa kwa watoto wa Dadaab.

Na humo Dadaab, wakati wa miaka hiyo migumu kabisa, walimu walikuwa wakisoma. Kuanzia mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na York University ya Canada, vilipeleka masomo ya ualimu hadi mji wa Dadaab, wakimbizi na wenyeji wa Garissa wakikaa darasa moja. Wapo waliopanda kutoka cheti hadi shahada, na wengine hadi shahada ya uzamili, bila kuondoka kaunti ile. Rwanda nayo, kupitia Kepler, ilifungua masomo ya shahada ndani ya Kiziba mwaka 2015. Hii ni mifano ya nyumbani. Haikuletwa na mtaalamu aliyetuchorea picha ubaoni.

Sisi Watanzania tulikuwa tukiyajua haya zamani. Mwaka 1963 taasisi ya elimu ya Wamsumbiji ilifunguliwa Dar es Salaam kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, vijana wa Afrika Kusini walipofurika kaskazini, serikali iliwapa ardhi Mazimbu, Morogoro, na mwaka 1978 ikaanza shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Walipoondoka mwaka 1992 walituachia majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Watoto wetu wanasoma kwenye madarasa yaliyojengwa na wakimbizi. Mahmood Mamdani, aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, alikuja kufundisha Mlimani kuanzia mwaka 1973, na miaka ile ni miongoni mwa miaka ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisomwa na kusikilizwa Afrika nzima. Zambia nayo, mwaka 1976, iliipokea Lusaka taasisi ya Umoja wa Mataifa ya kuwasomesha Wanamibia waliokuwa uhamishoni. Mkurugenzi wake alikuwa Hage Geingob, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Namibia huru, kisha rais.

Najua jibu litakalotolewa. Wale walikuwa wapigania uhuru, hawa ni watu waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Silikubali. Kijana wa Uvira aliyetaka kuwa daktari hakuanzisha vita vya Kivu. Na hakuna nchi ya ukanda huu yenye hati ya kuwa mwenyeji milele. Januari 2001 Wazanzibari zaidi ya elfu mbili walikimbilia Shimoni, Kenya, baada ya damu kumwagika Pemba na Unguja. Mwaka 2008 Wakenya walivuka kwenda Uganda na kupokelewa kama wakimbizi. Kila mtu hapa ni mwenyeji kwa muda.

Mlango unapotakiwa kufunguka, hufunguka. Vita vilipolipuka Khartoum Aprili 2023, wanafunzi wa udaktari wa chuo kimoja cha huko walipokelewa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Rwanda wamalizie mafunzo yao ya hospitali. Hilo lilipangwa kwa miezi, si kwa miaka. Nililifurahia sana jambo lile na ninawapongeza waliolisimamia. Ninachouliza ni kwa nini binti wa Nyarugusu, aliyezaliwa ndani ya mkoa wa Kigoma na anayezungumza Kiswahili safi cha huko, hajapangiwa jambo kama hilo kwa miaka ishirini.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linatoka kwa wazazi. Watoto wetu wenyewe wanakosa mkopo, wanasema, wengine wanaacha chuo mwaka wa kwanza. Unawezaje kutuomba tuwafikirie wa jirani? Wazazi hawa hawana roho mbaya. Wameuza ng'ombe, wameuza kiwanja. Nawajibu hivi. Siombi mkopo wa Bodi apewe mkimbizi badala ya mtoto wenu. Naomba ada iwe moja. Idadi ya wakimbizi wanaofika kiwango cha kudahiliwa ni ndogo mno, kwa sababu wengi huishia njiani kabla ya kidato cha nne, na kiti kimoja katika ukumbi wa mihadhara wa watu mia tatu hakimwondoi mtu. Wanaomnyang'anya mtoto wenu mkopo ni bajeti ndogo na marejesho mabovu, na hayo tuyapiganie pamoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamekaa miaka thelathini wakiliomba jembe.

Tena fedha zinaweza kutoka mahali tusipopatazama. Tangu mwaka 1978 wanafunzi wa vyuo vya Canada, kupitia shirika la WUSC, wamekuwa wakiwapeleka kwao wakimbizi kusoma, wengi wao kutoka Kakuma na Dadaab. Katika vyuo vingi wanafunzi wenyewe hupiga kura, na kila mmoja huchangia dola chache katika ada yake ya mwaka. Vijana wa Toronto na Winnipeg wamemsomesha mtoto wa Kakuma kwa fedha za soda. Serikali za wanafunzi Mlimani, Makerere na Nairobi zinaweza kupeleka hoja kama hiyo kwenye bunge lao. Shilingi mia tano au elfu moja ya kila mwanafunzi kwa mwaka, katika chuo chenye makumi elfu ya wanafunzi, inalipa ada za watu kadhaa. Ningependa sana kuiona kampeni ya uchaguzi wa chuo inayozungumzia hilo.

Mei 2017 wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilipewa kazi ya kulifanya tangazo hilo liwe kweli. Kazi iliyobaki kwa mwanafunzi mkimbizi inaandikika kwenye karatasi moja. Popote kanuni ya ada inaposema raia wa nchi mwanachama, iongezwe kwamba kitambulisho cha mkimbizi kinatosha kuthibitisha uraia huo, pasipo pasipoti wala barua ya ubalozi. Chuo kiwe na ofisa mmoja wa kushughulikia vibali na vyeti vyao, atakayeiandikia idara ya wakimbizi kabla muhula haujaanza. Taarifa za hadhi yao zifungwe kama za mgonjwa hospitalini.

Wakuu wa vyuo, hili liko chini ya saini zenu na za mabaraza yenu. Msingoje mkutano mwingine wa marais. Lipelekeni kwenye kikao cha baraza mwaka huu, kabla dirisha la udahili unaofuata halijafunguliwa.